Barua kwa Nyambura kuhusu paterni yake ya kwanza

Nakuru, Jumapili jioni

Nyambura mamangu,

Paterni yako ya sweta ya kroshia, yale maelekezo ya kufuma mshono kwa mshono, nimeipata. Nimeichapisha kwa saiba ya hapo steji, nikaisoma mara ya kwanza nikinywa chai, kisha nikairudia nikiwa na kulabu na uzi mkononi. Ukiisoma na chai kila kitu kinaonekana sawa. Makosa hujitokeza vidole vikianza kutii maandishi.

Niseme kwanza kwamba sweta yenyewe imenipendeza. Hiyo mikanda ya kiondo uliyoizungushia mabegani, ikianza myembamba shingoni na kupanuka kuelekea kifuani, sijaiona kwa mtu mwingine, na rangi umezituliza vizuri: kahawia, krimu na ule wekundu wa udongo. Lakini hukuniuliza kama sweta ni nzuri. Umeniuliza kama iko tayari kuuzwa, na kama unaweza kuacha kazi ya ofisi mwezi wa tisa ufanye hii tu. Haiko tayari. Hilo la kazi nitalifikia.

Tuanze na raundi ya 23. Umeandika, "ongeza mishono 12 kwa usawa." Wakati huo mtu ana mishono 154 kwenye duara. Gawanya 154 kwa 12 uone: haigawanyiki. Wewe ulipokuwa ukifuma ulikadiria kwa macho, ukaongeza hapa na pale, ikatoka sawa kwa sababu mkono wako umezoea. Mteja wako hana mkono wako. Mwandikie hivi: fuma mishono 12, ongeza katika wa 13, rudia hivyo mara 10, kisha fuma 11, ongeza katika wa 12, mara 2. Jumla 166. Na hiyo jumla iandike mwisho wa kila raundi yenye mabadiliko, ili aliyepotea ajue amepotea wapi kabla hajafumua nusu ya sweta.

Hii kazi unayoitaka si ya kufuma, mamangu. Kufuma ulikujua ukiwa darasa la nne. Mchoraji wa paterni anauza maandishi. Mwanamke yuko Oslo au Ohio, watoto wamelala, ameketi na uzi alionunua kwa pesa zake, na ana karatasi yako tu. Hakujui, hawezi kukupigia simu, na hajawahi kuona kiondo. Kila neno uliloacha kwa sababu "linajulikana" ndilo litakalomkwamisha. Ndiyo maana pia lazima useme juu kabisa kama unatumia majina ya mishono ya Marekani au ya Uingereza. Kwenye kroshia jina lile lile upande mmoja ni mshono mfupi, upande mwingine ni mrefu. Usiposema, mtu atafuma sweta yako ikatoka ndefu kama kanzu. Na mikanda ya kiondo iweke pia kwenye mchoro wa alama kama wanavyofanya Wajapani. Mtu huweza kufuata mchoro wao hata asipojua neno la Kijapani.

Halafu kipimo. Umesema mishono 16 kwa sentimita 10, basi, ukapita. Mwambie afume kipande kidogo cha majaribio kwanza, akioshe, kikauke, ndipo apime. Mweleze na sababu, maana watu hawapendi kufuma kipande. Kifua cha sentimita 100 kwa kipimo chako ni mishono 160. Yule anayekaza uzi akapata mishono 18 kwa sentimita 10, mishono hiyo hiyo 160 itampa sentimita 89 hivi. Sentimita 11 zimeyeyuka na hesabu yako haina kosa lolote. Atakulaumu wewe, na ataandika hivyo mbele ya watu.

Mahali nilipokaa sana ni kwenye saizi. Umeweka saizi saba, kifua kutoka 80 hadi 140, na hapo nakupongeza, maana kuna wachoraji wanaoishia 110 kana kwamba wanawake wanene hawasikii baridi. Lakini naona ulichofanya: umechukua saizi ndogo ukazidisha kila kitu kwa namba moja. Kutoka 80 hadi 140 ni mara 1.75. Mabega ya saizi ndogo uliyaweka 36, kwa hivyo ya saizi kubwa yakawa 63. Nani ana mabega ya sentimita 63? Hata wanyanyua vyuma hawana. Mwanamke mwenye kifua cha 140 mabega yake ni kama 46. Mwili ukiongezeka haukui kama picha unayoivuta kwenye simu. Kifua na tumbo huongezeka sana, mifupa ya mabega kidogo tu, urefu wa mkono karibu hauongezeki kabisa. Baraza la uzi la Marekani, Craft Yarn Council, limeweka majedwali ya vipimo vya mwili bure kwenye intaneti. Anzia hapo, kisha ulinganishe na watu wenye miili yao. Mimi shule yangu ilikuwa sweta za wanafunzi: darasa zima linakuja na mama zao, unapima, na unajifunza haraka kwamba watoto wawili wenye kifua kimoja hawavai mikono ya urefu mmoja.

Utasikia wafumaji wa sindano mbili wakitaja asilimia za Elizabeth Zimmermann, mwalimu wa ufumaji. Zijue, zitakusaidia kukagua kazi yako. Unachukua mishono ya mwili mzima kuwa 100. Kifundo cha mkono ni kama 20, mkono juu ni 33, shingo ni 40. Ni za sweta ya kawaida kwa mwili wa kawaida, kwa hivyo usizifuate kwenye saizi ndogo kabisa na kubwa kabisa. Huyo mama ninampenda kwa sababu nyingine. Alizaliwa Uingereza akahamia Marekani, na miaka ya 1950 aliuza paterni ya sweta aliyoifuma kwa mviringo bila kushona pembeni. Walioichapisha wakabadilisha maelezo, wakaandika ifumwe vipande vipande kwenda na kurudi, kama ilivyozoeleka wakati huo. Mwaka 1958 akaanza kutoa barua zake mwenyewe kwa wafumaji, na mwaka uliofuata akafungua biashara yake, Schoolhouse Press, huko Wisconsin. Sasa unaona maana ya kuwa mchoraji huru, anayechapisha mwenyewe. Na kabla yake, London, Mademoiselle Riego de la Branchardière alikuwa akichapisha vitabu vya paterni za kroshia tangu miaka ya 1840, wakati wanawake wa Ireland walipokuwa wakinunua chakula kwa lesi ya kroshia katika miaka ya njaa. Ukiambiwa hii ni kazi ya kupoteza muda, wakumbuke hao.

Uzi. Umetumia akriliki ya Eldoret, na hakuna ubaya, hata mimi naitumia. Ila mwanamke wa Oslo hataipata, kwa hivyo jina la uzi halimsaidii. Anahitaji unene wake kwa namba, zile za 0 hadi 7, na anahitaji mita kwa gramu 100. Lebo yako haina mita. Kata mita 10 zilizonyooka bila kuvutwa, ziweke kwenye mizani ndogo, ile ya unga wa keki. Zikiwa gramu 5, basi ni mita 200 kwa gramu 100. Hapo ndipo atajua anunue mabonge mangapi. Na kumbuka sufu ukiilowesha na kuitandaza hukubali umbo jipya, akriliki hurudi ilipokuwa, kwa hivyo urefu uliopima kwenye akriliki usimwahidi mtu wa sufu bila kujaribu. Nitanunua sufu kidogo ya kondoo wa Molo ufume kipande.

Ukimaliza hayo, paterni iende kwa mhariri wa hesabu. Huyu analipwa, na utaumia kumlipa kabla hujauza hata nakala moja, lakini usimruke. Macho yako yameshazoea namba zako, hayazioni tena. Kisha wajaribishaji, angalau mmoja kwa kila saizi. Usichukue marafiki zako wa Rongai peke yao. Watakusifu, nawe wajua mgema akisifiwa. Tafuta mtu mkaidi asiyekujua, anayefuata maandishi hata yakimpeleka shimoni, halafu anakuandikia kwa hasira. Huyo ni dhahabu.

Picha zipige kwenye mwanga wa asubuhi, sweta ikiwa mwilini, na moja ya karibu kabisa inayoonyesha mishono. Siku hizi watu wameumwa: wananunua paterni yenye picha ya kupendeza, kumbe picha imetengenezwa na kompyuta, mishono iliyomo haipo duniani. Mteja anayejua kufuma atavuta picha yako aikuze ahesabu mishono. Mwachie ahesabu.

Sasa pesa. Paterni ya sweta huko nje huenda kwa dola chache tu. Tovuti unayouzia inakata chake, PayPal inakata chake, na kinachobaki unakivuta M-Pesa. Kabla ya 2018, huo mlango ulipofunguliwa, mzunguko ulikuwa mrefu. Inaonekana kidogo, na ni kidogo. Uzuri wake ni kwamba maandishi huuzwa tena na tena ukiwa umelala, ilhali sweta ukiiuza imeenda. Hapa Nakuru sweta ya mkono haina bei. Mtu anaishika, anaisifu, anauliza pesa ngapi, halafu anakukumbusha kwamba mitumba kuna ya mia mbili. Huwezi kushindana. Mashine ya kufuma ipo tangu William Lee alipoiunda Uingereza mwaka 1589, na ndiyo dada yake mdogo niliyotumia mimi kwenye sweta za shule. Kroshia ndiyo hadi leo haina mashine yake viwandani. Kila topu ya kroshia halisi unayoiona ikiuzwa bei ya maandazi, kuna mtu mahali aliyeifuma kwa mkono na akalipwa unavyoweza kukisia. Wanaoweza kuuza kazi ya mkono yenyewe wana mpango mwingine. Pale Njoro, Kenana Knitters wameanza 1998, wanasokota sufu, wanauza nje, na kila mwanasesere anatoka na kikaratasi chenye jina la mama aliyemfuma. Lakini hao ni kikundi. Wewe uko peke yako na simu.

Watakuibia pia. Siku moja mtu atakutumia kikundi cha WhatsApp ambamo paterni yako inagawanywa bure, na aliyeiweka ameandika "baraka, share na wengine." Sheria inalinda maandishi yako na picha zako, haimzuii mtu kutumia mshono uleule kuchora chake. Kwa hivyo piga ripoti kwa tovuti husika, usigombane, rudi kazini. Nimeona wachoraji wazuri wakikaa miezi wakifukuza wezi huku hawatoi kitu kipya.

Na kalenda yao si yetu. Wewe umefikiria sweta kwa sababu Julai ulikuja nyumbani ukatetemeka. Wao wananunua kuanzia Septemba, baridi ikibisha. Sweta ya kuuzwa Oktoba inafumwa mwezi wa tano, inajaribiwa wa saba. Ndiyo sababu kuacha kazi mwezi wa tisa kwa paterni ambayo haijajaribiwa hakuna hesabu inayokubali. Baki ofisini. Weka tatu kwanza sokoni, na moja iwe kitu kidogo cha kumleta mteja mlangoni. Mavini, ile kofia ya kubana kichwa, inafaa: unaanza na mishono 6, kisha 12, 18, 24, sita kila raundi, na kitako kinalala tambarare. Kikifika kipenyo cha sentimita 17 unaacha kuongeza na kushuka moja kwa moja, maana 17 mara 3.14 ni kama 53, nayo inamkaa mtu mzima kwa kuvutika. Ukiongeza zaidi ya sita inajikunja kama kabeji. Mwanahisabati mmoja, Daina Taimina wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwaka 1997 alifuma makunyanzi hayo makusudi ili wanafunzi waishike kwa mikono jiometri ambayo karatasi haiwezi kuionyesha vizuri. Kwa hivyo baba yako akikuambia tena kwamba ulipoteza hisabati yako kwenye uzi, mjibu hilo.

Paterni tatu zikikaa mwaka mmoja sokoni na pesa zake zikilipa kodi ya nyumba yako miezi mitatu mfululizo, tutaongea upya, na nitakuwa upande wako mbele ya baba yako. Kabla ya hapo usinitaje.

Nimeweka alama nyekundu kwenye kurasa na kuzipiga picha, nimekutumia kwa simu. Rekebisha raundi ya 23 na saizi tatu za juu, uniletee kabla ya Ijumaa. Saizi ya sita nitaifuma mimi: Mama Kiprono wa kanisani ndiyo anayoivaa na amekubali kupimwa, ila ametaka abaki na sweta, nami nimemwambia sawa. Uzi wa kahawia umeniishia, tuma mabonge manne kwa gari la Jumatano, na mwambie kaka yako simu yake haishikiki.

Mamako