Kesi ya Meredith haikuwa ya Marshall

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu Thurgood Marshall, wakili mweusi wa Marekani, ilianza vizuri. Ni kweli mwaka 1960 alikuwa London, kwenye mkutano wa Lancaster House, akiwasaidia kina Tom Mboya kuandaa vifungu vya haki katika katiba ya Kenya. Mngeishia hapo ningekaa kimya, kama nilivyokaa miaka yote. Lakini mwandishi wenu akaongeza kwamba Marshall ndiye aliyemwingiza James Meredith, kijana mweusi, Chuo Kikuu cha Mississippi kilichokuwa cha wazungu tu, eti "akisaidiwa na wakili mmoja wa kike".

Huyo mmoja wa kike ni Constance Baker Motley. Meredith alimwandikia Marshall mwanzoni mwa 1961, Marshall akamkabidhi Motley faili, na mwaka huohuo Marshall akateuliwa kuwa jaji. Sasa jaji angesimamiaje kesi hiyo mwaka 1962? Aliyekuwa akitoka New York kwenda Jackson, Mississippi, akirudi na kwenda tena, ni mama huyu, mtoto wa mpishi aliyewapikia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale. Huko Jackson alikuwa akiendeshwa na Medgar Evers, mwanaharakati wa haki za weusi aliyepigwa risasi na kuuawa Juni 1963. Mahakama ya chini ikamkatalia Motley, akakata rufaa, akashinda. Jaji mmoja akawa anasimamisha amri ya kumpokea Meredith kila inapotoka, mpaka Jaji Hugo Black wa Mahakama Kuu ya Marekani alipoingilia kati Septemba 1962. Meredith alisajiliwa Oktoba 1, baada ya usiku wa fujo zilizoua watu wawili. Na hiyo ni kesi moja tu! Mbele ya Mahakama Kuu hiyo Motley alisimama mara 10, akashinda 9, na mwaka 1961 alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kutetea kesi pale. Mwaka 1966 akawa jaji wa shirikisho, mwanamke mweusi wa kwanza huko pia. Haya yote kwenu ni "akisaidiwa".

Yanauma kwa sababu nimeyaonja. Niliwahi kwenda kwenye baraza moja na kesi ya mpaka wa shamba, nyuma yangu kijana wa mafunzo amenibebea mafaili. Mwenyekiti akaniambia, "Binti, mpishe wakili." Kijana wa watu akasimama jasho linamtoka, faili hajalifungua hata ukurasa. Nikaiendesha kesi mwenyewe, tukashinda. Ripota wenu alikuwepo, ameketi mstari wa mbele, kalamu mkononi. Kesho yake gazeti likaandika kuwa wakili aliyeshinda ni yule kijana, kwa majina yake matatu, na cheo ambacho Chama cha Mawakili hakijampa mpaka leo. Mimi sikutajwa hata kwa "mwenzake". Nilipopiga simu nikaambiwa nafasi ilikuwa finyu.

Na nafasi kwetu ni finyu kila mahali. Kuna mahakama ambako chumba cha wanawake kuvalia majoho kimekuwa stoo ya viti vilivyovunjika, tunavalia chooni. Mwaka 1978 Jaji Motley aliamua kwamba waandishi wa kike wa michezo wasizuiwe kuingia vyumba vya kubadilishia nguo kwenye uwanja wa Yankees, timu ya besiboli ya New York, ikiwa wenzao wa kiume wanaingia. Mwulizeni mhariri wenu wa michezo kama ameshawahi kumtuma mwanamke hata mlangoni pa chumba cha timu yetu ya soka ya Coastal Union.

Sahihisho nalitaka Alhamisi, siku watu wanaponunua gazeti kutafuta kazi. Ukurasa wa tatu, upande wa kulia, na picha ya Motley iwe kubwa sawa na ile mliyompa Marshall. Naomba tu msiiweke juu ya tangazo la dawa ya nguvu za kiume, kama mlivyofanya Siku ya Wanawake.

Wakili wa kujitegemea,
Tanga