Nalipwa binti akikaa siku 90, na huyu anataka kurudi

Shangazi, shikamoo.

Huku Uganda ukisema unamwandikia shangazi, watu wanafikiri Ssenga, yule shangazi wa Kiganda anayefunda mabinti, na mambo ya chumbani. Yangu si ya chumbani, ni ya kazi, ingawa usingizi yameninyima vilevile.

Nina miaka 31, naishi Busia upande wa Uganda, na nina mtoto mmoja. Nilikuwa mwalimu wa chekechea katika shule ya binafsi. Shule zilipofungwa Machi 2020 tulidhani ni wiki chache tu. Zilipofunguliwa Januari 2022 yetu haikuwa shule tena, madarasa yalikuwa yamejaa mifuko ya saruji. Nikauza nyanya, nikasuka watu nywele, nikachoka. Mwaka jana rafiki yangu akanipeleka Kampala kwenye kampuni inayopeleka mabinti Saudi Arabia kwa kazi za ndani, hao tunaowaita kadama. Kampuni ina leseni ya wizara ya kazi, nimeiona imetundikwa ukutani. Mimi ndiye sina kitu. Karatasi niliyosaini ni ukurasa mmoja, na inasema mimi ni "mshirika", si mfanyakazi. Mshahara hakuna, nauli hakuna, NSSF hakuna. Kuna kamisheni tu.

Kamisheni yenyewe iko hivi. Binti niliyemleta akipanda ndege Entebbe, napata shilingi 150,000. Akimaliza siku 90 kwa mwajiri, napata 150,000 nyingine. Akirudi kabla ya hapo, ya pili sipati, na ya kwanza inakatwa kwa binti atakayefuata. Akianguka vipimo vya afya, au mama yake akibadili mawazo siku ya mwisho, hasara ni yangu. Kutoka Busia hadi Kampala ni karibu kilomita 200 na nauli nalipa mimi. Salio la simu nalipa mimi. Hata chai ya binti nalipa, maana huwezi kumwacha mtoto wa watu na njaa kwenye foleni ya pasipoti. Miezi minne ya kwanza niliandikisha kumi na mmoja, wakaondoka wawili. Na usiniulize kama nchi haina kima cha chini cha mshahara. Kipo: shilingi 6,000 kwa mwezi, tangu 1984. Mimi hizo zinaishia kwenye boda.

Sitaki kuisema kazi hii vibaya tu. Yupo niliyempeleka ambaye mama yake sasa analala chini ya mabati. Riyali 900 kwa mwezi ni karibu laki tisa za kwetu, na hapa Busia sijaona anayemlipa msichana wa kazi hata nusu ya hizo.

Sasa sikia. Nina mabinti watatu huko ambao hawajafikisha siku 90. Mmoja ni wa jirani yangu, mama anayeuza mukene, dagaa wetu wa ziwani, sokoni. Kaka yake mdogo nilimfundisha kushika penseli, ndiyo maana binti huyu mpaka leo ananiita Ticha. Wiki iliyopita, saa saba usiku, alinitumia sauti kwenye WhatsApp. Anaongea kwa kunong'ona, nyuma yake maji yanachuruzika, nadhani alijifungia bafuni. Hapigwi, alisema. Lakini analala saa saba, anaamshwa saa kumi na moja, na siku tatu za wiki anapelekwa nyumbani kwa mama wa mwajiri kufanya kazi huko pia, wakati mkataba unasema nyumba moja. Simu anapewa kwa muda mfupi tu. Akamalizia: "Ticha, nisaidie nirudi."

Nilimjibu palepale: "Vumilia kama mwezi mmoja hivi, mambo yatakaa sawa."

Nikaweka simu chini. Nyuma ya mlango wangu kuna kalenda ninayotia alama za hawa watatu kwa kalamu tatu tofauti. Yeye ndiye nyekundu. Nikahesabu. Ilikuwa siku ya 58. Zilibaki 32. Shangazi, sikuwa nimeiangalia kalenda kabla ya kumjibu, naapa. Ila huo mwezi mmoja niliutoa wapi?

Asubuhi nikampigia bosi. Akasema wote hulia miezi ya mwanzo, nisiwazoeshe, na kwamba kumrudisha mtu ni gharama ambayo lazima imwangukie mtu fulani. Kisha akanikumbusha kuwa ukiacha kazi, kamisheni ambazo hazijaiva zinabaki ofisini. Kwangu hiyo ni 450,000 ya hao watatu, na juu yake kuna 300,000 za wawili kati yao ambazo tangu waondoke anasema "kesho kutwa". Ada ya mwanangu iko humo.

Jumamosi mama wa binti alikuja na mukene nusu debe, shukrani kwa kumtafutia mwanawe kazi. Akaniuliza kama amewasiliana nami, kwa sababu yeye wiki mbili hajasikia kitu. Nikamwambia mtandao wa kule unasumbua. Mukene bado iko jikoni. Sijaweza kuipika.

Kaka yangu anasema ninyamaze hadi siku ya 90, nichukue pesa, niache kazi, ndipo nimsaidie binti. Hesabu yake inakaa vizuri sana, na ndiyo inayonitisha. Uganda ina ubalozi Riyadh, lakini mtu anayenong'ona bafuni atatokaje mpaka ubalozini? Nikienda wizarani mwenyewe, naogopa kampuni itanikana na kusema mimi ni broka wa mtaani, na mbele ya sheria ya 2009 ya kuzuia usafirishaji haramu wa watu nibaki mimi na kikaratasi changu.

Naomba unishauri: nianze na nani? Nimwambie mama ukweli kwanza, ama niende wizarani na ile sauti mkononi? Na hizo 300,000 za waliokwisha kupanda ndege, afisa wa kazi wa wilaya anaweza kunisikiliza mtu ambaye karatasi inasema si mfanyakazi?

Leo ni siku ya 63. Sauti yake bado ninayo, na tangu nimwambie avumilie hajaniandikia tena.

Ticha, Busia