Barua kwa mwanangu: kabla hujatafuta mwekezaji

Mwanangu mpendwa,

Mpango wako wa biashara nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Kurasa zote 14. Umeeleza vizuri habari ya sare za wauguzi: mfuko wa kalamu usiochanika, kitambaa kinachostahimili kufuliwa kwa maji ya moto kila siku, mishono iliyolala ili isimkwaruze mtu anayeshinda amesimama. Nilisoma huku najivunia. Kisha nikafika ukurasa wa mwisho, pale ulipoandika "Mahitaji: mwekezaji", na chini yake tarakimu moja ndefu, nikaiweka kalamu mezani. Umeniuliza utampata wapi. Mimi naomba kwanza tuulizane kama ni mwekezaji unayemhitaji.

Sikukatishi tamaa. Nasema haya kwa sababu nimewahi kuchukua pesa bila kujua ni pesa ya aina gani, na kwa ajili yake mimi na mjomba wako tulikaa miaka miwili bila kusalimiana. Ulikuwa mdogo, ulichojua ni kwamba mjomba haji tena.

Ilikuwa hivi. Nilipoanza kazi ya uchapaji nilihitaji mashine ya kukatia karatasi. Mjomba wako alinipa nusu ya bei yake. Alinikabidhi bahasha pale jikoni, nikaisukuma chini ya sinia, tukaendelea na mazungumzo mengine. Hakusema kama ni mkopo, na mimi sikumuuliza. Moyoni mwangu nilihesabu kwamba amenikopesha, naye moyoni mwake alihesabu kwamba amenunua sehemu ya biashara. Mwaka wa tatu kazi ilipoanza kuleta faida, nilimpelekea pesa yake yote, nimeitia kwenye bahasha mpya, nikitaraji atafurahi. Aliitazama pale mezani wala hakuigusa. Akaniuliza, "Na faida yangu ya miaka mitatu iko wapi?"

Hakuna mwizi kati yetu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi tulikosa karatasi moja tu yenye mistari mitano: ni kiasi gani, ni mkopo au ni hisa, itarudi lini, biashara ikifa itakuwaje, na saini za watu wawili. Kwa hiyo ndugu na marafiki watakapokuchangia, na wengi wanaoanza biashara huanzia hapo, andika. Anayekupenda hataona vibaya kuandikiana. Akiona vibaya, ni heri mjue sasa kabla pesa haijaliwa.

Nusu iliyobaki nilikopa benki, na huko nako nilikosea. Nilichukua mkopo wa miezi 12 kununua mashine ambayo ingejilipa kwa miaka mitatu. Mashine ilifanya kazi, wateja walikuwepo, lakini kila tarehe 5 rejesho lilinikuta sina kitu. Nikawa nakubali kazi za hasara ili mradi nipate fedha taslimu kabla ya tarehe. Tangu hapo nimeshika kanuni hii: kitambaa, nyuzi na mishahara ya mwezi unaweza kuvikopea mkopo mfupi, maana vinageuka pesa upesi. Cherehani ya kiwandani itakaa nawe miaka, basi nayo itafutiwe mkopo wa miaka au pesa yako mwenyewe.

Halafu kuna riba. Afisa mikopo aliniambia ni asilimia 10, nikaona ni nafuu, nikatia saini. Sikuuliza inapigwa juu ya nini. Chukua mkopo wa 1,200 kwa mwaka mmoja. Riba ya asilimia 10 juu ya mkopo wote ni 120, kwa hiyo unarejesha 110 kila mwezi. Lakini ukiingia mwezi wa saba umesharudisha nusu ya deni, na bado unatozwa kana kwamba ile 1,200 yote iko mkononi mwako. Ukipiga hesabu kwa salio linalobaki kila mwezi, riba yenyewe inakaribia asilimia 18. Kabla ya kusaini mkopo wowote, uliza riba inatozwa juu ya salio au juu ya mkopo wote, kisha uliza ada zote na bima, halafu omba uandikiwe jumla utakayokuwa umelipa siku ya mwisho. Mikopo miwili ilinganishe kwa jumla hiyo.

Sasa tuje kwenye sare zako. Umeandika kwamba hospitali mbili zimeipenda sampuli. Kupenda si oda, mwanangu. Rudi kwao uombe oda kwa maandishi, yenye idadi, vipimo na tarehe ya kupokea, na uombe malipo ya awali ya theluthi moja. Wanaweza kukataa malipo ya awali, lakini oda ikiwa na saini na muhuri ni mali tayari. Ukiwa nayo unaweza kwenda kwa muuza vitambaa kumwomba akukopeshe kitambaa kwa siku 30.

Kampuni ya Apple ilianza kwa njia hiyo mwaka 1976. Steve Jobs aliuza gari lake, mwenzake Steve Wozniak akauza kikokotoo chake, na pesa hiyo ilikuwa ndogo mno. Kilichowavusha ni duka moja lililoagiza kompyuta 50 kwa dola 500 kila moja, malipo wakati wa kupokea. Kwa nguvu ya oda hiyo walipewa vifaa kwa mkopo wa siku 30, wakaunda kompyuta na kuzifikisha ndani ya muda. Mwekezaji, Mike Markkula, alikuja baadaye, na alikuta watu wenye bidhaa iliyokwisha kuuzika.

Lakini kuna tofauti ambayo lazima uitazame. Wao walilipwa siku ya kukabidhi mzigo, ilhali wewe hospitali zako zitakulipa siku 60 au hata 90 baada ya kupokea. Muuza vitambaa anataka chake siku ya 30, na mafundi wako wanataka mshahara kila mwezi. Hilo pengo, kuanzia siku pesa inapotoka hadi siku inapoingia, ndilo hasa unalotakiwa kulitafutia fedha. Chora jedwali la miezi 12, uweke kila mwezi kinachoingia na kinachotoka, uone ni mwezi gani unazama zaidi na unazama kwa kiasi gani. Ongeza akiba kidogo, maana walipaji huchelewa. Nimejaribu kulichora mwenyewe kwa namba zako, nikaondoa gari la kusambazia mizigo na zile cherehani saba za ziada ambazo bado hazina oda. Ile tarakimu yako ndefu ilishuka hadi chini ya theluthi.

Ukishafikisha mzigo na ankara ikapokewa, zipo taasisi zinazokulipa sehemu kubwa ya ankara hiyo papo hapo, kisha zinasubiri malipo ya hospitali na kukata chao. Inagharimu, na usiifanye tabia, ila kwa biashara yenye wateja wanaolipa kwa uhakika lakini kwa kuchelewa, inafaa kuliko kuuza hisa.

Kuhusu benki, jitahidi kuelewa hofu yao. Biashara yako ikistawi mara mia, benki inapata riba yake ileile. Ikifa, benki inapoteza mtaji wote iliokupa. Ndiyo maana wanaogopa biashara changa, wala si kwamba wanakudharau. Watakuuliza deni litalipwa na nini, na jibu lisiwe dhamana. Jibu ni oda zako na taarifa ya akaunti inayoonyesha pesa ikiingia na kutoka mwezi baada ya mwezi. Basi fungua akaunti ya biashara leo, hata kama mauzo ni madogo, na kila senti ipitie humo. Sajili na kampuni pia. Mwaka 1998 Andy Bechtolsheim aliwaandikia vijana wawili hundi ya dola 100,000 kwa jina la Google Inc., kampuni ambayo ilikuwa bado haijasajiliwa. Hundi ikalala kwenye droo hadi walipomaliza usajili. Wao mwenye hundi aliwasubiri, lakini wengi hawasubiri.

Jiunge pia na ushirika wa akiba na mikopo mapema, miezi kabla hujahitaji kukopa. Wazo lake ni la zamani. Friedrich Wilhelm Raiffeisen aliunda chama cha mikopo cha namna hiyo kule Ujerumani mwaka 1864, kwa kuamini kwamba watu wanaojuana wanaweza kudhaminiana pale ambapo mwenye benki haoni cha kushika. Uaminifu wako wa kuweka akiba kila mwezi ndio unaokujengea haki ya kukopa.

Ruzuku usizidharau, ila usizijengee msingi. Hairudishwi, ni kweli, lakini ina muda maalumu wa kuomba, ina ripoti, ina orodha ya vitu unavyoruhusiwa kununua, na mara nyingine unatumia kwanza ndipo unarudishiwa. Wengi wanaotoa ruzuku hutaka nawe uchangie. M-Pesa yenyewe ilipata karibu pauni milioni 1 kutoka mfuko wa serikali ya Uingereza kwa sharti kwamba Vodafone, kampuni ya simu iliyoianzisha, nayo itoe chake. Omba zile zinazoendana na kazi unayoifanya tayari. Nimeona watu wakigeuza biashara yao ifanane na fomu ya maombi, na ruzuku ilipokwisha hawakuwa na mteja hata mmoja.

Kuchangisha pesa mtandaoni nako sioni kama kunakufaa. Kunawafaa wenye bidhaa ambayo mtu mmoja mmoja ataitamani akiiona kwenye picha, na wewe unauzia hospitali.

Nimefika kwa mwekezaji. Usidhani namchukia. Mwaka 1957 kampuni ya mitaji ya Georges Doriot kule Marekani iliweka dola 70,000 kwenye kampuni changa ya kompyuta iitwayo Digital Equipment, ikapewa asilimia 70 ya hisa, na baadaye hisa hizo zikafikia thamani ya zaidi ya dola milioni 350. Wawekezaji wa namna hii wanajua kwamba biashara nyingi walizochangia zitakufa, kwa hiyo wanatafuta moja itakayolipia maiti zote. Mifuko yao kwa kawaida huishi kama miaka 10, na kabla haijafungwa lazima hisa zako ziuzwe kwa mtu. Wewe unataka karakana nzuri ya sare, inayoajiri mafundi 20 na kuwalipa kwa wakati, inayokua kwa mwendo wake. Ni ndoto njema kabisa, ila si ile wanayoitafuta. Ukiingia kwao watakusukuma ukimbie kasi ambayo cherehani haziwezi.

Siku ukiamua kwamba unataka kukua hivyo, hesabu kwanza. Ukitoa asilimia 20 ya hisa mara moja, unabaki na 80. Awamu ya pili ukitoa tena 20 kwa hesabu ileile, unabaki na 64. Awamu ya tatu, 51 na kidogo. Hapo ni kazi ya mikono yako na karibu nusu si yako. Na huenda mkataba ukawa na kifungu kinachosema kampuni ikiuzwa, mwekezaji achukue pesa yake kwanza kabla ya mtu yeyote. Usisaini karatasi ya namna hiyo bila mwanasheria wako wewe. Wa kwao anawatetea wao.

Na yeyote atakayekuambia ulipe ada kwanza ndipo akutumie mkopo au mwekezaji, kata simu. Najua unajua, lakini mwenye shida husahau anayoyajua, na mimi ni mama yako.

Nimeamua hivi. Nitakununulia cherehani mbili za kwanza kwa akiba yangu. Si zawadi, na sitaki hisa. Ni mkopo wa miezi 24 usio na riba, marejesho yaanze mwezi wa nne ukishapokea malipo ya hospitali ya kwanza, na biashara ikifa mapema nitachukua cherehani na deni limekwisha. Kabla ya hapo nataka unitumie vitu viwili: jedwali la miezi 12 uliloliandika kwa mkono wako, na nakala ya oda moja yenye muhuri.

Mkataba nimeuandika, mistari mitano, nakala mbili. Zimo ndani ya bahasha hii. Mimi nimeshasaini, nafasi yako iko chini upande wa kulia. Pale kwenye shahidi nilimpelekea mjomba wako. Aliusoma taratibu, akarudia mstari wa pili, akaniomba kalamu.

Mama yako anayekupenda.