Kijana mchoraji, nyuso peke yake hazitoshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wanaotaka kuchora picha za vitabu vya watoto. Wengi wana mkono mzuri, lakini wakienda kwa mchapishaji hubeba nyuso za watu mashuhuri walizonakili kwa penseli kutoka kwenye picha za simu. Uso mmoja, hata ufanane vipi, haumwonyeshi mhariri kama mhusika wako atabaki yuleyule hadi ukurasa wa mwisho. Na hilo ndilo analolitafuta.

Chukua hadithi fupi, uchore kurasa nne zinazofuatana. Kwanza tengeneza karatasi ya mhusika: mbele, ubavuni, nyuma, amekaa, anakimbia. Mpime kwa vichwa. Mtu mzima ana urefu wa kama vichwa saba na nusu. Mtoto wa miaka sita havuki sana vitano, na ukikosea hapo utapata mzee mfupi aliyevaa sare ya shule. Namba za rangi za ngozi na nguo ziandike pembeni. Bibi ukimvika kanga, chagua maua makubwa machache, maana utayarudia mara kumi na mbili. Tena usiigeuze picha kushoto-kulia ili ikae vizuri ukurasani: jina la kanga litasomeka kinyume, na mtoto atakuwa anakula kwa mkono wa kushoto. Mzazi ataliona hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Vipimo viulizwe kabla ya kuanza. Kitabu cha A5 ni milimita 148 kwa 210. Ongeza 3 kila upande za kukatwa, iwe 154 kwa 216. Kwa nukta 300 kwa inchi, kiwango cha kawaida cha uchapaji, hizo ni pikseli 1819 kwa 2551. Picha yenye upana wa pikseli 1080 inatosha sentimita 9 tu. Ukiivuta zaidi, mistari inameguka. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama faili, kwani ikienda kama picha inabanwa.

Ngozi nyeusi ndiyo inayoumia zaidi mtamboni, na natamani walimu wa sanaa wangelifundisha hili mapema. Kwenye skrini inang'aa. Kwenye karatasi ya bei nafuu wino unatanuka, na uso, nywele na kivuli vinakuwa doa moja. Punguza wino mweusi. Jenga kahawia kwa wino wa magenta (wekundu wa zambarau) na njano, sayani (buluu ya mtamboni) iwe kidogo, kisha nywele zitofautishe na paji la uso. Chapa ukurasa kwa nyeusi na nyeupe pale steshenari, uushike kwa mkono ulionyooshwa. Macho na mdomo visipoonekana, rudi ukaongeze mwanga.

Usitie rangi kabla rasimu za penseli hazijakubaliwa kwa maandishi. Mkataba utaje idadi ya picha, malipo ya awali, masahihisho (mara mbili kwenye rasimu na mara moja baada ya rangi ni haki), na matumizi: ni toleo hili tu, au na tafsiri na fulana pia? Palipoandikwa "haki zote", bei nayo ipande. Jina lako liandikwe kitabuni. Hapa Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakulinda. Faili zenye tabaka, yaani zile ambazo kila sehemu ya picha bado inaweza kubadilishwa peke yake, kaa nazo mpaka malipo ya mwisho yaingie.

Mchoraji wa vitabu vya watoto,
Dar es Salaam