Vizimba vinahesabiwa, maji hayapimwi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie vifo vya sato tunaowafuga kwenye vizimba vya nyavu ndani ya Ziwa Victoria, maana kila vinapotokea maneno huishia palepale: kuna mtu kamwaga sumu. Safari hii yamewakuta wenzetu wa mwalo wa jirani. Mizoga haijaisha kuopolewa, kijana anayelinda vizimba usiku alikuwa ameshawekwa kikao na anahojiwa alikuwa na nani na alilipwa shilingi ngapi. Mwenyekiti wa kijiji aliitwa, mgambo wakaitwa. Hakuna aliyefikiria kumwita mtu wa kupima maji.

Mimi ni mfugaji, nipo Magu upande wa Ghuba ya Speke, na siandiki ili kumtetea kijana yule tu. Naandika kwa sababu mizoga yenyewe ilikuwa inajieleza na hatukuisikiliza. Sumu haichagui umri. Hewa ya oksijeni ikipungua majini, mara nyingi wanaotangulia ni wakubwa, wale mliokuwa mmeshawatafutia mnunuzi, huku vifaranga wa kizimba cha pembeni wakisalimika. Tena vifo vya namna hiyo huja usiku wa manane kuelekea alfajiri, na huja kwa mkupuo. Ugonjwa una mwendo mwingine: leo watano, kesho kumi, wiki nzima hivyo hivyo, na ukimshika mmoja unakuta macho yamevimba yametokeza nje, au anaogelea kwa kuzunguka mahali pamoja. Kwa jirani zetu walikufa wakubwa, na walikufa kabla ya jua kuchomoza. Waliobaki walikuwa juu kabisa ya maji, midomo wazi, mashavu yanapanda na kushuka harakaharaka, wala hawakushtuka boti ilipogonga kizimba. Na nje ya nyavu sangara walikuwa wanaelea tumbo juu. Sangara hauwezi upungufu wa hewa, sato anamshinda mbali. Sasa mlinzi mmoja awape sumu na sangara wa ziwani ili iweje?

Ukweli ni kwamba ziwa lenyewe lina tabia yake. Kuanzia kama Septemba hadi Aprili au Mei, maji ya juu hupata joto na kukaa juu ya maji baridi ya chini kama mafuta juu ya mchuzi, hayachanganyiki. Kule chini kila kinachozama kinaoza, na kuoza kunakula oksijeni mpaka inakaribia kwisha. Ikifika Juni na Julai, upepo wa kusini-mashariki hulikoroga ziwa, juu na chini vikawa kitu kimoja. Hatari iko katikati ya msimu. Dhoruba moja ya usiku inaweza kuyasukuma maji ya juu kwenda upande mmoja, yale ya chini yasiyo na hewa yakapanda kushika nafasi. Samaki aliye huru huhama akipata upenyo. Aliye kizimbani ana wavu pande zote. Wenzetu wa Kisumu yaliwapata mwishoni mwa mwaka 2022, samaki wa vizimba wakafa kwa wingi, na watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, wakaeleza kwamba ni oksijeni iliyopungua majini.

Huku kwetu ghubani kuna na la ziada. Mto Simiyu unaleta tope, samadi na mbolea za mashambani kila mvua zinaponyesha, na maji yaliyoshiba mbolea huota ukijani, yaani vimea vidogo mno vinavyoelea majini. Mchana ukijani ule unatoa oksijeni, usiku unaitumia. Ndiyo maana anayekuja na kipimo saa nane mchana, akiwa na kofia na picha za kupiga, ataondoka akisema maji ni mazuri kabisa. Kipimo chenye maana ni cha saa kumi na moja alfajiri, na kichukuliwe usawa wa katikati ya wavu, siyo juu.

Nimeshajibiwa mara nyingi kwamba sato ni samaki mgumu. Ni mgumu kweli, anaweza kuvumilia maji yenye oksijeni ndogo mno kwa saa kadhaa na asife. Lakini kutokufa na kukua ni mambo mawili. Sato hustawi oksijeni ikiwa miligramu 5 kwa lita au zaidi. Ikishuka chini ya 3 anaanza kususa chakula, na hicho kidogo anachokula hakimjengi mwili. Ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, na maji ya nyuzi 26 kwa mwinuko huo hayabebi zaidi ya miligramu 7 na kidogo hata yakiwa safi. Akiba yenyewe ndiyo hiyo. Kwa hiyo hasara kubwa siyo ile inayoelea alfajiri tukaipigia picha. Ni ile ya samaki aliyetakiwa kufika gramu 400 kwa miezi saba, mwezi wa tisa bado ana 250, na mfugaji anamlaumu muuza chakula.

Tukiwa hapo kwenye chakula: ndicho kinachomeza zaidi ya nusu ya gharama zetu, kwa hiyo kila mtu anakiongelea, lakini namna ya kulisha haiongelewi. Samaki aliyeshiba anahitaji oksijeni nyingi zaidi kuliko mwenye njaa. Ukimjaza jioni, saa zake za kusaga chakula ndizo saa ambazo maji yanaishiwa hewa. Kijana aliyeambiwa na bosi kwamba ndoo lazima iishe ataimwaga yote, samaki wapande wasipande. Punje zinaelea, zinalowa, zinapita kwenye matundu ya wavu na kwenda kuoza chini ya kizimba hichohicho. Mlishaji mzuri hutupa konzi moja na kungoja. Maji yakichemka kwa samaki anaongeza. Wakija kivivu anafunga ndoo na kurudi nayo nchi kavu, hata kama ni siku ya pili mfululizo.

Sisemi kwamba mambo mengine hayapo. Vifaranga tunavyouziwa vingine siyo vifaranga, ni wazee waliodumaa bwawani, na ukitarajia madume matupu unakuta kizimba kinazaa. Chakula kilichowekwa stoo yenye unyevu huota ukungu, na sumukuvu inaharibu ini la samaki kama inavyotuharibu sisi. Magonjwa nayo yapo: Ghana, mwaka 2018, virusi vinavyoitwa ISKNV viliingia kwenye vizimba vya Ziwa Volta vikaua sato kwa tani nyingi. Huku nimeona watu wakimwaga dawa ya kuku ziwani ili kutibu kizimba kimoja. Labda iliwafaa dagaa waliokuwa wanapita. Lakini hata ugonjwa hupenda samaki aliyechoka, na hakuna kinachomchosha samaki kama kubanana na wenzake kwenye maji yasiyo na hewa. Wavu wenyewe ukiota ukoga, maji mapya hayapiti, hata ungeweka kizimba mahali pazuri namna gani.

Na mahali ndipo penye kidonda. Wengi wetu tumechagua pa kuweka vizimba kwa sababu tatu: pawe karibu na mwalo, mlinzi aonekane, na boti isile mafuta mengi. Hizo ni sababu za mwizi na za mfuko, samaki hayumo. Matokeo yake tumejazana kwenye vighuba vilivyotulia, vyenye kina kifupi, ambako mawimbi hayatusumbui na maji hayatembei. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula vinarundikana palepale, na kati ya kitako cha wavu na tope la ziwa unakuta nafasi ya kusimama mtoto.

Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikuja Mwanza kukabidhi boti na vizimba kwa mikopo isiyo na riba kupitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo, na tangu hapo hamu ya kufuga imepanda hata kwa watu ambao hawajawahi kushika nyavu. Ni jambo jema, na sato wa ziwani kwa kweli amekuwa adimu. Ila ninaposikiliza hotuba na taarifa za ufugaji huu, za serikali, za miradi na zetu wenyewe kwenye mikutano, nasikia idadi ya vizimba, idadi ya vifaranga, mifuko ya chakula, tani za kuvuna. Oksijeni sijaisikia. Kikundi kinaweza kudaiwa mamilioni kwa vizimba vyake na kisiwe na kipimo hata kimoja. Kile cha mkononi, kwa bei tulizoulizia sisi, hakifikii bei ya tani moja ya chakula cha kuelea.

Ninachopendekeza kwa yeyote anayekopesha vizimba, iwe benki, halmashauri au mfadhili, ni kwamba fedha isitoke mpaka eneo lenyewe limepimwa alfajiri kwa miezi kadhaa, hasa kati ya Septemba na Aprili, na kina chake kikaandikwa. Kipimo kiwe sehemu ya mkopo kama nyavu zilivyo, na mtu mmoja wa kikundi afundishwe kukitumia na kuandika kwenye daftari kila siku. Kwa wasio na uwezo wa kununua sasa hivi, sahani iliyopakwa rangi nyeupe na nyeusi, ikafungiwa jiwe na kamba, inaonyesha ukijani umezidi kiasi gani: iteremshe majini, tia alama kwenye kamba pale inapopotea machoni, linganisha na wiki iliyopita. Alama ikizidi kusogea karibu na sahani, ukijani umeongezeka: punguza chakula na usiongeze samaki.

Halafu kuna hili ambalo halihitaji hata mkopo. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, tayari inatoa utabiri wa upepo na mawimbi kwa Ziwa Victoria, na wavuvi wetu wanausikiliza redioni kabla ya kutoka. TAFIRI, watafiti wa uvuvi wa serikali, wapo hapa Mwanza na chuo cha uvuvi cha FETA kipo Nyegezi, watu wanaojua maji tunao. Vipimo vya oksijeni vya ghuba mbili tatu vikisomwa pamoja na utabiri ule mara tatu kwa wiki katika msimu wa hatari, mfugaji wa Magu au Sengerema atajua jioni hii asilishe, au avune wakubwa kesho kabla upepo haujageuka.

Kuhusu kijana mlinzi, hadi naandika barua hii hajalipwa mshahara wa mwezi aliofanya kazi. Wenzetu wamlipe.

Mfugaji wa samaki,
Magu, Mwanza