Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tulivyoufuata Ukoo wa Weiser

Ndugu wanachama,

Katika mkutano mkuu uliopita mlikubaliana kwamba kabla kila mmoja hajaanza kufukua nasaba ya wakwe zake hapa Pennsylvania, tuufuate kwanza pamoja ukoo mmoja wenye kumbukumbu za kutosha, tujifunze kazi. Tukauchagua ukoo wa Weiser. Naleta kwenu tulikofika na pale tulipopotea. Kwangu mimi tulipopotea ndipo penye faida kubwa zaidi.

Mwaka 1709 watu wapatao 13,000 kutoka nchi za Wajerumani waliteremka mto Rhine, wakavuka bahari hadi London. Vita vilikuwa vimewachosha, baridi kali ya mwaka ule ilikuwa imeua mizabibu, na habari zilizagaa kwamba Malkia Anne angewapa ardhi ng'ambo. Waingereza waliwaita wote kwa jina moja, Palatines, yaani watu wa Pfalz, eneo la Wajerumani kandokando ya mto Rhine. Nasi tukalishika jina hilo kana kwamba ni anwani, tukapekua madaftari ya makanisa ya Pfalz bila kupata kitu. Haikuwa ajabu. Wengi wa watu wale hawakutoka Pfalz. Mzee Johann Conrad Weiser alikuwa mtu wa Württemberg, nchi nyingine ya Wajerumani, na aliondoka na wanawe katika kijiji cha Großaspach.

Tulipokijua kijiji tulifurahi mno, tukadhani kazi imekwisha. Lakini mtoto wake Conrad, yule aliyekuja kuwa mkalimani mashuhuri wa Pennsylvania, hatukumwona katika ubatizo wa Großaspach. Mti mmoja wa ukoo tulioukuta mtandaoni ulisema alizaliwa hapohapo, nami niliuamini. Jibu alikuwa ameliacha Conrad mwenyewe katika kumbukumbu alizoandika kwa mkono wake: alizaliwa tarehe 2 Novemba 1696 katika kijiji cha Affstätt, wilaya ya Herrenberg, akabatizwa Kuppingen, kijiji jirani. Baba alikuwa askari, na askari huzaa pale kikosi kilipo. Basi kabla ya kufungua daftari la ubatizo, tuulize kijiji kilikuwa chini ya usharika gani.

Ukurasa ule wa Conrad tuliusoma kwa sauti kikaoni, na wapo waliofuta machozi. Mama yake alikufa Mei 1709. Mwezi uliofuata baba aliondoka na watoto wanane. Dada mkubwa, Catrina, alibaki na mume wake, akaachiwa nyumba, mashamba na mizabibu. Kwa mtafiti hilo ni jambo zito, kwani tawi la Catrina liko Ujerumani hadi leo kama lipo, na orodha za Marekani hazitalionyesha kamwe.

Juni 1710 walifika New York, pamoja na wengine waliosalimika kati ya takriban watu 3,000 waliopakiwa melini. Mamia walifia njiani. Gavana Robert Hunter aliwapeleka kandokando ya mto Hudson kutengeneza lami ya misonobari kwa ajili ya meli za kivita za Uingereza. Mradi ulikufa, lakini daftari la posho limebaki: jina la mkuu wa kaya, idadi ya waliozidi miaka kumi, idadi ya walio chini yake. Wake na watoto hawatajwi, ni tarakimu tu. Ukiiona idadi inashuka kati ya posho moja na nyingine, usikimbilie kuandika kifo. Wavulana wawili wa Weiser, Georg Friedrich na Christoph Friedrich, waliondolewa kwa baba yao wakapelekwa Long Island kutumikia watu wengine. Walikuwa hai.

Jambo jingine la kuokoa muda wenu: orodha za viapo vya utii vya wahamiaji walioshuka melini Philadelphia, zilizoanza mwaka 1727, huandika wanaume wa miaka 16 na kuendelea. Conrad hayumo, kwa sababu alikuja Tulpehocken, hapa Pennsylvania, mwaka 1729 kwa njia ya ndani, akitokea bonde la Schoharie huko New York. Na kila tarehe iliyoandikwa kabla ya mwaka 1752 ikaguliwe, maana kalenda ya Waingereza ilikuwa nyuma kwa siku 11, na mwaka wao ulianza tarehe 25 Machi.

Upande wa vizazi vya chini kazi ilikuwa nyepesi. Conrad na mkewe Anna Eva walipata watoto 14, nusu wakakua. Binti yao Anna Maria aliolewa mwaka 1745 na mchungaji Henry Melchior Muhlenberg, na mtoto wao Frederick akawa Spika wa kwanza wa Bunge la Wawakilishi la Marekani mwaka 1789.

Hesabu za chama atazisoma mweka hazina. Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza mambo mawili: kila mwanachama alete jina la kijiji, pamoja na karatasi iliyompa jina hilo, kabla hajafunguliwa jalada; na kikundi cha Jumamosi kiwafuate wale wavulana wawili huko Long Island. Naomba mjadili, kisha tupige kura.

Wenu katika kazi,
Mwenyekiti