Masharti ya ualimu wa vyeti viwili yamepangwa kinyume

Ndugu Mhariri,

Katika safu yako ya barua za wasomaji, mwenzetu mmoja alilalamika kwamba vyuo vya Marekani vinawawekea masharti mengi mno wanaotaka kusomea ualimu wa shule ya msingi na ualimu wa elimu maalumu kwa mkupuo mmoja, akashauri masharti hayo yapunguzwe ili uhaba wa walimu wa elimu maalumu upate kupungua. Barua hiyo nimeisoma mara mbili. Mimi ninaishi Pennsylvania. Nilifanya kazi ya msaidizi wa darasani kwa miaka saba kabla ya kuomba nafasi katika programu ya aina hiyo, nikakataliwa mara ya kwanza na kupokelewa mara ya pili. Naomba basi nafasi nieleze kwa nini malalamiko ya mwenzetu nayakubali lakini dawa yake siiafiki.

Kwa wasioifahamu programu yenyewe, mhitimu wake hutoka na vyeti viwili: kimoja humruhusu kushika darasa la kawaida la watoto wadogo, na kingine humruhusu kuwafundisha watoto wenye ulemavu. Sheria iliyotiwa saini na Rais Gerald Ford mwaka 1975, ambayo mwaka 1990 ilipewa jina inalojulikana nalo leo, yaani IDEA, iliwahakikishia watoto hao elimu ya umma bila malipo na ikataka wasome pamoja na wenzao kwa kadiri inavyofaa. Leo wanaohudumiwa chini ya sheria hiyo ni zaidi ya milioni 7, na karibu theluthi mbili ya wale walio katika umri wa kwenda shule hutumia asilimia 80 au zaidi ya siku yao katika darasa la kawaida. Kwa maneno mengine, mtoto mwenye usonji, au yule ambaye herufi zinamchanganya kila afunguapo kitabu, hayuko tena katika chumba cha mwisho wa korido. Yuko dawati la tatu, mbele ya mwalimu wa kawaida, na mwalimu huyo akiwa hana ujuzi wa kumsaidia, sheria imebaki karatasi tu. Pennsylvania iliitambua hoja hii kiasi cha kumtaka kila anayesomea ualimu, hata asiyefikiria kabisa elimu maalumu, apate krediti 9 (krediti ni kipimo cha uzito wa somo la chuo) zinazohusu wanafunzi wenye ulemavu na krediti 3 zinazohusu wanafunzi ambao bado wanajifunza Kiingereza. Anayetaka vyeti viwili huongeza juu ya hapo.

Sasa nije kwenye masharti yenyewe. Jambo ambalo waombaji wengi hawaambiwi mapema ni kwamba katika vyuo vingi mtu huingia kwa milango miwili. Wa kwanza ni wa chuo, na huo haumsumbui mwenye cheti cha sekondari kinachoridhisha. Wa pili, ambao ndio wa programu ya ualimu hasa, hufunguliwa baadaye, kwa kawaida kuelekea mwisho wa mwaka wa pili, na mtu anaweza kuwa amelipa karo ya mihula mitatu au minne ndipo akaambiwa hakufaulu kuuvuka. Hapo hudaiwa GPA, yaani wastani wa alama za masomo, ya 3.0 kati ya 4.0, au karibu na hapo, krediti 6 za hisabati na 6 za Kiingereza cha utunzi na fasihi, barua za mapendekezo, insha ya kujieleza, pengine usaili, na kwa miaka mingi ulidaiwa pia mtihani wa stadi za msingi.

Kuhusu krediti za hisabati na Kiingereza, mimi nazitetea, na ningezitetea hata kama zingeongezwa. Kuna dhana, nasikitika kusema kwamba nimeisikia hata kwa walimu, kuwa anayewafundisha watoto wanaojifunza taratibu hahitaji kujua mengi. Ukweli ni kinyume chake. Mtoto anayeandika kwamba 41 kutoa 17 ni 36 hakubahatisha. Alitoa 1 kwenye 7 akapata 6, akatoa 1 kwenye 4 akapata 3, kwa kuwa alijifunza mahali fulani kwamba ndogo hutolewa kwenye kubwa, na akaifuata kanuni hiyo kwa uaminifu mkubwa. Mwalimu anayejua njia tu atamwekea alama ya kukosa na kumwonyesha njia tena kwa sauti ya juu zaidi. Anayeelewa thamani ya nafasi za tarakimu ataona kosa lilipoanzia, atachukua vijiti vilivyofungwa kumikumi, na atamwacha mtoto afungue fungu moja kwa mkono wake mwenyewe. Huo ni ujuzi wa hisabati, wala si wa kiwango cha chini.

Tatizo ni kwamba mtihani uliowekwa mlangoni haukupima ujuzi huo. Sehemu ya hisabati ya Praxis Core, mtihani huo wa stadi za msingi, niliyoifanya mimi kama waombaji wengi wa majimbo mbalimbali, ilikuwa na maswali 56 ya kujibiwa kwa dakika 90, yaani dakika moja na nusu na ushei kwa kila swali, na hakuna hata moja kati ya niliyoyaona lililouliza mtoto amekosea wapi. Nilishindwa kwa alama chache. Nakumbuka swali la uwezekano wa matukio lililonila dakika nne nzima, na nakumbuka vilevile kwamba wiki hiyohiyo mvulana mmoja wa miaka tisa, ambaye kwa miezi mingi alikuwa hajaweza kujumlisha kwa kupita kumi, alinitazama usoni akasema saba na tano ni kumi na mbili, kisha akaniomba nimpe jumla nyingine. Chuo kilinijibu kwa barua ya aya mbili. Sikinung'unikii, kilifuata kanuni zilizokuwapo.

Lililo ajabu ni kwamba ujuzi wa somo unapimwa upya huku mwishoni. Huko Pennsylvania mwombaji wa vyeti viwili hukabiliwa na mitihani ya kupata cheti, upande mmoja kwa ajili ya watoto wadogo na upande wa pili kwa ajili ya elimu maalumu, kabla jimbo halijampa cheti. Kwa hiyo mtihani wa mlangoni ulikuwa unamkataza mtu kujifunza kile ambacho mtihani wa mwisho ungempima baada ya kujifunza. Pennsylvania yenyewe iliusimamisha mtihani wa stadi za msingi mwaka 2022, na New Jersey imeuondoa kuanzia Januari 2025. Illinois ilikwisha kuufuta wake mwaka 2019. Hatua hizo naziunga mkono. Ila hapa ndipo ninapoachana na mwenzetu, maana majimbo yaliondoa sharti lililokaa mahali pasipofaa bila kuweka pale lile lililostahili kukaa.

Sharti hilo ni saa zilizothibitishwa za kukaa na watoto wenyewe. Baadhi ya vyuo huomba saa 40 au zaidi za kushuhudia masomo darasani, vingine hutaja uzoefu kama jambo litakaloongeza uzito wa maombi, na vingine havitaji kabisa. Hata pale zinapodaiwa, mara nyingi mtu huketi nyuma ya darasa na daftari, akaandika mwalimu alivyoanza somo na alivyolimaliza. Tulisoma na binti mmoja aliyekuwa na GPA ya juu kuliko yeyote kati yetu, mwandishi mzuri wa insha, ambaye hadi anafika kwenye mafunzo kwa vitendo, yale ya wiki 12 au zaidi ambayo jimbo linayataka, alikuwa hajawahi kuwa peke yake na mtoto mwenye ulemavu. Siku ya tatu alitakiwa amsaidie mwanafunzi wa miaka kumi kubadilisha nepi. Alitoka, akaketi ngazini, na msimamizi alipomfuata alisema hakujua kwamba kazi hii ina jambo hilo ndani yake. Simlaumu hata kidogo, na ni haki kusema kwamba leo anafundisha darasa la pili vizuri sana kwa cheti kimoja. Ninachouliza ni kwa nini alilipa miaka minne kabla ya mtu yeyote kumwonyesha.

Najua jibu litakalotolewa: saa za kujitolea ni mzigo kwa maskini, kwa kuwa anayefanya kazi mchana hawezi kuacha mshahara akaketi darasani bure. Jibu hilo ni la haki, na ndiyo maana napendekeza kazi ya malipo ya msaidizi wa darasani ihesabiwe kama saa kamili, na isiishie kusifiwa katika barua ya mapendekezo. Wasaidizi hawa ndio wanaowalisha watoto, kuwasindikiza chooni, kuwatuliza wanapozidiwa na kelele, na kuandika takwimu za kila siku ambazo mwalimu huzitumia katika mpango wa elimu wa mtoto mmoja mmoja, ule tunaouita IEP. Wengi wao, na katika miji kadhaa wengi wao ni wahamiaji wenzetu, hawaombi programu za vyeti viwili kwa sababu GPA yao ya zamani haifiki 3.0. Mtu aliyeanguka kemia akiwa na miaka kumi na tisa, akifanya kazi za usiku, hubeba alama hiyo hadi uzeeni. Chombo kinachothibitisha ubora wa mafunzo ya ualimu Marekani, CAEP, katika viwango vyake vya mwaka 2013 kilitaka wastani wa 3.0 wa kundi zima linalopokelewa, na wala hakikusema kila mmoja lazima aufikie. Chuo kingeweza kumpokea mwenye 2.8 na uzoefu wa miaka mitano, jimbo likiruhusu, au kikatazama krediti 30 za mwisho peke yake.

Na usaili, pale unapokuwapo, uache kuuliza kwa nini mtu anawapenda watoto. Mwombaji apewe karatasi ile ya 41 kutoa 17, apewe dakika kumi, aulizwe angefanya nini kesho asubuhi. Mimi niliulizwa swali linalokaribiana na hilo katika maombi yangu ya pili, na nadhani ndilo lililonipitisha.

Kuhusu vibali sina la kubishana. Cheti cha polisi wa jimbo, cha kumbukumbu za unyanyasaji wa watoto, na cha FBI kinachotokana na alama za vidole, vyote hivyo vidaiwe, tena mapema.

Kwa wasomaji wanaofikiria kuomba wakiwa na shahada kutoka nyumbani, kuna kikwazo ambacho mwenzetu hakukigusa. GPA ya Tanzania, ambayo vyuo vikuu vingi huihesabu hadi 5.0, au daraja la pili la juu la Kenya, havisomeki moja kwa moja katika kipimo cha 4.0. Wizara ya Elimu ya Marekani haitathmini vyeti vya nje. Kazi hiyo hufanywa na mashirika binafsi kama World Education Services, na programu za ualimu kwa kawaida hutaka tathmini inayoonyesha somo kwa somo, si ile fupi inayosema tu kwamba shahada inalingana na ya Marekani. Hapo ndipo krediti 6 za hisabati hupotea, kwa kuwa somo liliandikwa kwa jina ambalo mtathmini hakulitambua. Maelezo ya kila somo yaliyogongwa muhuri wa chuo yaombwe kabla ya kusafiri.

Na fedha zisomwe kwa makini. Msaada wa shirikisho uitwao TEACH Grant, ambao unaweza kufikia dola 4,000 kwa mwaka kabla ya makato, huwavutia wengi kwa sababu elimu maalumu ni miongoni mwa fani zinazohesabiwa kuwa na uhitaji mkubwa. Lakini hauwafikii wenye viza ya mwanafunzi, humtaka mwombaji awe na GPA ya 3.25 au alama za juu za mtihani wa kujiunga, na asiyefundisha miaka minne katika shule ya wanafunzi wa kipato cha chini hugeuziwa msaada wote kuwa mkopo wenye riba inayohesabiwa tangu siku ya kwanza.

Mwisho, kwa mwenzetu aliyeandika na kwa msaidizi yeyote wa darasani anayesoma barua hii: anza leo kuandika saa zako, tarehe, darasa, na ulichofanya, na mwalimu unayefanya naye kazi atie saini kila mwezi. Mimi niliombwa ushahidi wa miaka saba katika maombi ya pili. Walimu wawili kati ya wanne walikuwa wamestaafu na mmoja amehamia jimbo jingine. Saini za aliyebaki zilithibitisha mwaka mmoja na miezi minne.

Wako,
Msomaji,
Pennsylvania, Marekani